Wiki mbili kwa kempavani mashambani Uingereza mwezi Mei: tupite njia gani?

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, habari za siku nyingi. Mimi na mke wangu ni walimu wastaafu, tunaishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Binti yetu anayeishi Birmingham ametualika mwezi Mei mwakani, na amependekeza kwamba badala ya kukaa nyumbani kwake tukitazama televisheni, tukodi kempavani, yaani gari lenye vitanda, jiko na sinki ndani yake, tuzunguke mashambani kwa raha zetu. Nimechora njia inayoanzia Birmingham, inapita Cotswolds, Wales, Lake District, Edinburgh na Inverness hadi ncha ya kaskazini ya Uskoti, kisha inarudi kwa upande wa mashariki kupitia York. Mke wangu aliitazama ramani hiyo akaniuliza kama ninakwenda matembezini au ninapeleka mzigo Mpanda.

Ninaomba ushauri wa waliowahi kufanya safari ya namna hii. Je, njia yangu inafaa? Je, tunaweza kusimama popote tukalala? Na leseni yangu ya Tanzania inakubalika huko, ili nimpokee binti usukani anapochoka?

Mninga Mkavu (Tabora)

Shikamoo Mwalimu. Mama amesema kweli, na ningekuomba umsikilize kabla hujamsikiliza mtu mwingine yeyote humu.

Nilisoma Leeds miaka ya nyuma, na majira ya machipuko wenzangu na mimi tulikodi gari kama hilo. Wao huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo hilo lisikusumbue. Kinachochosha ni barabara za vijijini: ni nyembamba, zimebanwa na michongoma mirefu au kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, na nyingine zina upana wa gari moja tu, ikibidi aliye karibu zaidi na sehemu ya kupishana arudi nyuma. Vibao vyote vimeandikwa kwa maili, na maili moja ni kilomita 1.6, basi mtu akiona 40 hudhani amekaribia kufika. Mimi nilikwaruza ubavu wa gari kwenye ukuta nikimpisha mkulima mwenye trekta, na dhamana yangu yote ikabaki kwa kampuni iliyotukodisha. Andika kimo cha gari lako, kutoka chini hadi paani, kwa futi kwenye karatasi, uibandike mbele ya dereva, kwa sababu yapo madaraja ya chini yanayokatiza juu ya barabara na hayana huruma.

Ushauri wangu ni kwamba uchague Yorkshire Dales, eneo la mabonde, na Lake District, eneo la maziwa na milima, yote kaskazini mwa England na yanayokaribiana sana, halafu uyaache mengine yote. Kutoka Birmingham hadi Lake District ni takriban maili 150, yaani kilomita 240 hivi, na huo ndio uwe mwendo wako mkubwa kuliko wote. Mapema Mei wanakondoo bado ni wadogo na wamejaa malishoni, michongoma inatoa maua meupe, na ndani ya misitu ya mialoni ardhi yote hufunikwa na maua ya buluu yanayowahi kuchanua kabla majani ya juu hayajafunga mwanga. Mtu wa Tabora ataielewa haraka hali hiyo, maana miombo yetu nayo huchipua majani mekundu kabla mvua haijanyesha, kama imepewa taarifa mapema. Mambo hayo huonekana kwa miguu. Zipo njia za umma zinazokatiza katikati ya mashamba ya watu, na mpita njia anaruhusiwa kisheria, mradi kila lango aliache kama alivyolikuta.

Njia ya mlimani iitwayo Hardknott usiijaribu kwa gari hilo, kwani mteremko wake hufikia mita moja kwa kila mita tatu. Windermere, ziwa kubwa kuliko yote England, lina urefu wa kilomita 17 hivi; mtu wa Kigoma atadhani ni bwawa, lakini nakuomba usimwambie mwenyeji wako.

Binti Kasulu (Glasgow)

Shikamooni wazee wangu. Nijibu mawili yaliyobaki. Leseni halali ya Tanzania humruhusu mgeni kuendesha gari lisilozidi kilo 3,500 kwa muda wa miezi 12, lakini kampuni za kukodisha huweka masharti yao ya umri, na baadhi zina ukomo wa juu, hivyo binti aulize kabla ya kulipa.

Kulala popote hapana. Katika England na Wales karibu kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na unahitaji ridhaa yake. Huku Uskoti ipo sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita na kupiga hema, ila haki hiyo haihusu magari, na wengi huchanganya hapo. Lipieni viwanja vya kambi, ambavyo vingi ni vya wakulima. Mtapata umeme, maji na mahali pa kumwaga choo cha gari, kazi ambayo kwa desturi humwangukia baba. Jumatatu ya kwanza na ya mwisho ya Mei ni sikukuu, na viwanja hujaa, basi wekeni nafasi mapema.

Usiku milimani joto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 5, na katikati ya Mei jua huzama baada ya saa tatu usiku, likachomoza karibu na saa kumi na moja alfajiri. Kama mnaswali, jipangieni usingizi wa mchana.

Mzee wa Kwihara (Tabora)

Nampinga kidogo kijana Mninga. Mtu anayetoka jirani na Ujiji hawezi kufika karibu na Blantyre ya Uskoti, si ile ya Malawi, akapita kimya. Livingstone alizaliwa pale mwaka 1813, katika chumba kimoja cha familia ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na akiwa na miaka 10 tayari alikuwa kibarua humo. Jengo hilo ni makumbusho sasa. Sisi huku tunalo tembe alilokaa mwaka 1872, ninyi mnao mwembe wa kumbukumbu yake pale Ujiji. Ni haki mkaone alikoanzia.

Binti Kasulu (Glasgow)

Mzee, hawana haja ya kuleta gari hadi huku. Waliache kambini karibu na Penrith, mji ulio pembeni mwa Lake District, wapande treni ya moja kwa moja hadi Glasgow, kisha nyingine fupi hadi Blantyre, na jioni warudi.

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Ahsanteni sana. Nimefuta ramani yangu. Tutakaa usiku tano katika Dales na usiku saba Lake District, na siku moja ya treni kwenda Blantyre, ambayo mke wangu ameikubali kwa sharti kwamba siku hiyo hakuna mtu atakayeshika usukani. Kuhusu choo cha gari bado tunajadiliana.