Muvi za Uingereza: hela za boksi ofisi huwa zinaishia wapi?

kiti_cha_nyuma: Wakuu naomba kueleweshwa. Kila nikicheki boksi ofisi (mauzo ya tiketi za sinema) ya Uingereza nakuta muvi ya kwao imevunja rekodi, mara Skyfall 2012 imepita pauni milioni 100 hukohuko nyumbani, ya kwanza kufika hapo, mara Barbie nayo wanaihesabu ya kwao. Halafu wanaotengeneza muvi ndogo kila siku wanalia njaa. Hizo hela zinaenda wapi?

Sinzia: Zinapanda ndege mkuu. Kuitwa muvi ya Uingereza ni suala la pointi, BFI, ile taasisi ya filamu ya Uingereza, wana kipimo chao cha utamaduni, ukipata 18 kati ya 35 umepita, unapewa cheti na nafuu ya kodi. Barbie imepigwa studio za Leavesden hukohuko Uingereza na mafundi wa huko ila mwenye mali ni Warner Bros wa Marekani. Skyfall waliisambaza Sony. Kuziweka kapu moja na muvi ya Film4, kitengo cha filamu cha tivii ya Channel 4, ni kujidanganya tu.

mama_trela: Mi sioni tatizo ni mwenye mali, kinachoua muvi ndogo ni usambazaji. Ya studio inatoka Ijumaa kwenye skrini mamia kwa mamia, iko kwenye mabasi iko kwenye tivii, wakati ile ndogo imepewa kumbi chache na onyesho la saa nane mchana watu wako kazini, Jumatatu wanaangalia namba za wikiendi wanasema haijauza, inatolewa, yaani wale waliosikia sifa zake wakienda wiki inayofuata hawaikuti. Na tiketi yenyewe, kodi inatoka, ukumbi unachukua fungu lake, msambazaji anakata kamisheni na kurudisha hela yake ya matangazo, mtengenezaji ndio anafika mwisho, sufuria imeshakwanguliwa.

Dogo Projekta: Mbona The King's Speech ilitoboa? Ile haikuwa ya studio, UK Film Council, chombo cha umma cha kusaidia filamu, waliweka pauni milioni 1 tu, ikauza zaidi ya pauni milioni 45 Uingereza peke yake. Muvi kali inajiuza bana

mama_trela: @Dogo ilitoka Januari 2011 msimu wa tuzo, kila gazeti linamtaja mwigizaji wake mkuu Colin Firth, hayo ni matangazo ya bure ambayo wengine hawayapati. Kaangalie Slumdog Millionaire, Warner wamefunga kitengo chao cha muvi ndogo 2008 ikabaki inaning'inia Marekani bila msambazaji, mpaka Fox Searchlight walipoibeba ndio ikaja kuzoa Oscar 8. Ingekosa wa kuibeba ukali wake ungeuonea wapi?

kiti_cha_nyuma: Aisee. Na serikali yao inaangalia tu?

Sinzia: Hapana, wameleta nafuu ya kodi ya asilimia 53 ya gharama zinazokubalika za kutengeneza, kabla ya nafuu yenyewe kukatwa kodi, kwa muvi zisizozidi bajeti ya pauni milioni 15 zilizoanza kupigwa kuanzia Aprili 2024, mwandishi au muongozaji awe wa huko. Kwenye kutengeneza ni msaada mkubwa sana, ila skrini haiongezi hata moja.