Nichague vipi darasa la uigizaji kabla ya kulipa ada?

Mgeni_Jukwaani
Wakuu, habari zenu. Nimebakiwa na studio tatu. Moja inafundisha mbinu ya Meisner tu, ya pili inasema inachanganya mbinu zote, ya tatu ni darasa la kamera la wiki 8. Sijawahi kusomea uigizaji. Niangalie nini kabla ya kulipa, na nikishaingia nifanye nini ada isiende bure?

Pazia
Karibu. Jina la mbinu liweke pembeni kwanza, piga hesabu ya dakika. Kipindi cha saa 3 kikitumia nusu saa kupasha mwili na sauti, zinabaki dakika 150. Wanafunzi 16 wakifanya kazi wawili wawili ni jozi 8, kila jozi inapata dakika 18 hivi: mnacheza onyesho la dakika 4, mwalimu anasahihisha, mnarudia. Wakiwa 30, jozi inapata dakika 10, na kinachokatwa ni ule mrudio. Hapo ndipo unapojifunzia, kwa sababu sahihisho usilolijaribu papo hapo mwilini linabaki maneno ya daftarini tu.

Omba kukaa kipindi kimoja kama mtazamaji. Msikilize mwalimu anavyosahihisha. "Weka hisia zaidi" haimsaidii mtu. "Unataka nini kwake? Sasa mzuie asitoke mlangoni" ni kitu cha kutenda. Tazama pia kama mrudio unatofautiana na mara ya kwanza. Usipoona tofauti kwa jozi yoyote, tafuta kwingine.

Kiitikio
Naongezea kwenye mbinu, maana si jambo dogo. Meisner, Strasberg na Stella Adler, walimu wa uigizaji wa Marekani, wote walianzia kwa Stanislavski, mwongozaji wa Kirusi, kisha wakaachana njia. Strasberg alitilia mkazo kumbukumbu za hisia za mwigizaji mwenyewe. Adler, baada ya kukutana na Stanislavski Paris mwaka 1934, alisisitiza mazingira ya mhusika na ubunifu wa akilini. Meisner alisisitiza kumsikiliza mwenzako.

Kwa anayeanza napendelea Meisner, ila ujue unachokiendea. Zoezi lake la kurudia linaanza hivi: mwenzako anasema, "Umekunja mikono." Unajibu, "Nimekunja mikono." Yanarudiwa hivyo hivyo. Wengi wanaharibu kwa kubadilisha sauti makusudi ili zoezi lichangamke. Usibadilishe chochote mpaka kitu alichokifanya yeye kikubadilishe: kope zimeshuka, ameanza kukasirika. Linachosha, na matunda yake huchukua miezi. Wiki chache hazitoshi.

Studio "inayochanganya zote" iulize ratiba ya wiki kwa wiki. Wakishindwa kuionyesha, basi hakuna mpango.

Lenzi
Darasa la kamera liwe la pili, si la kwanza. Linafundisha kusimama kwenye alama uliyowekewa sakafuni bila kuitazama, kurudia tendo lile lile kwenye neno lile lile ili mhariri aweze kuunganisha picha, na kupunguza miondoko ya uso picha inapokuwa ya karibu. Usipojua kusikiliza, kamera itaonyesha tu kwamba husikilizi. Ukilichukua, hakikisha unarekodiwa kila wiki na unapewa video zako.

Na jihadhari: studio inayoahidi nafasi kwenye filamu, au inayokulazimisha upige picha kwa mpigapicha wao, inauza tamaa. Uliza pia utaratibu wa maonyesho yenye kushikana au kupigana. Lazima mguso ukubaliwe na kupangwa kabla, na "hapana" yako iheshimiwe bila kuulizwa sababu.

Mgeni_Jukwaani
Asanteni sana. Nimeelewa kwa nini Meisner itangulie. Na kukariri maneno?

Pazia
Kariri bila kiimbo chochote, kwa sauti bapa, huku mikono ikifanya kazi nyingine kama kufua au kukunja nguo. Ukikariri pamoja na mtindo wa kusema, mtindo huo unaganda, na mwenzako akikupa kitu kipya hutaweza kukipokea. Kariri na maneno ya mwenzako pia, kwa maana yake, kwani jibu lako linazaliwa pale. Kisha kutaneni nje ya darasa angalau mara mbili kabla ya kila kipindi. Jozi inayofika haijui maneno inamaliza dakika zake 18 ikiyatafuta, na mwalimu anakosa cha kusahihisha.