Jimny na kempa juu ya tela moja: ekseli zikae wapi, na breki gani kwa Kitonga?

Boksi_la_Uyole

Wakuu, habari za leo. Fundi anaanza kuchomelea tela wiki ijayo hapa Mbeya, na nataka vipimo vikae sawa kabla chuma hakijakatwa. Nabeba vitu viwili kwa pamoja: Jimny ya 1300 (JB43), na kempa ya kushusha, yaani lile boksi la kulala linalosimama kwa miguu yake minne. Kinachovuta ni Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ. Njia ni Mbeya, Iringa, mpaka Msembe ndani ya hifadhi ya Ruaha. Mara nyingine Kitulo, na mara mojamoja kushuka Kitonga kwenda Mikumi.

Namba ni hizi. Jimny na vifaa vyake kilo 1,150, urefu mita 3.6 pamoja na tairi la akiba. Kempa kilo 650 bila maji, urefu mita 2.3. Tela tupu nakadiria 850. Sakafu mita 6.2, shingo mita 1.4 kutoka sakafu inapoanzia hadi kwenye boli ya kuvutia. Ekseli mbili.

Kipi kikae mbele? Ekseli ziwe wapi? Fundi anasema "katikati, kama mkokoteni". Na breki ziwe za kusukumwa au za umeme?

Shingo_Kumi

Mkuu, kwa huo mkokoteni msimamishe fundi kwanza.

Weka kempa mbele, Jimny nyuma yake ikitazama mbele, uache nafasi ya sentimita 20 kati yao. Kitovu cha uzito wa kempa kitakuwa mita 2.55 kutoka kwenye boli, cha Jimny kama 5.58, cha tela lenyewe kama 4.6. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha, gawa kwa kilo 2,650 za jumla: uzito wote unakaa mita 4.52 kutoka kwenye boli. Katikati ya sakafu ni mita 4.5. Ekseli zikiwa hapo, shingo haina uzito kabisa, inataka hata kunyanyuka kidogo. Tela la namna hiyo linatikisa mkia ukifika kilometa 70 kwa saa, na likishaanza linaweza kuligeuza gari.

Unataka shingo ikandamize boli kwa kama asilimia 10 ya uzito wa tela na mzigo, hapa kilo 265. Ili upate hiyo, katikati ya ekseli mbili iwe mita 5.02 kutoka kwenye boli, sawa na mita 3.62 kutoka sakafu inapoanzia. Usizidishe pia: hook ya kuvuta kilo 3,500 kwa kawaida inaruhusu 350 za kukandamiza. Ikizidi, nyuma ya 79 inalala na usukani unakuwa mwepesi.

Jambo jingine ni hizo 850 zako. Ukimruhusu fundi atandike chekeplate (bati nene lenye michongo) ya milimita 4.5 sakafu nzima, upana wa mita 1.75, hiyo peke yake ni karibu kilo 400. Mwambie aweke njia mbili tu za matairi, upana sentimita 40 kila moja, chekeplate ya milimita 3 yenye chaneli chini. Hapo ni kama kilo 125. Chini ya kempa hapahitaji bati, panahitaji viunzi viwili vya kuifungia.

Jeki_ya_Nyuma

Hesabu ya hapo juu ni sahihi, ila ni ya tela lililojaa. Matela ya vitu viwili yanaumiza watu siku kimoja kinapobaki kambini.

Chukua ekseli zikiwa hapo kwenye 5.02. Ukiiacha kempa Msembe na kurudi na Jimny mahali pake pa kawaida, shingo inakuwa hasi kilo 55, yaani inanyanyua gari. Ukiiacha Jimny na kuvuta kempa peke yake mbele, shingo inakuwa kilo 392, umevuka kiwango cha hook. Tela ni lilelile, fundi hajakosea chochote.

Dawa yake ni kwamba kitu kinachobaki peke yake kisikae mahali pake pa siku zote. Jimny ikiwa peke yake isogeze mbele mita 1.1. Kempa ikiwa peke yake irudishe nyuma kama mita 1.9. Kwa vyote viwili kitovu cha uzito kinaangukia kama sentimita 60 mbele ya katikati ya ekseli, kwa hiyo piga mstari wa rangi kwenye fremu hapo na uulenge. Vitundu vya kufungia kempa vitobolewe seti mbili tangu mwanzo, kutoboa baadaye na kempa iko juu ni mateso.

Kupakia nako kuna mpangilio wake. Kempa inapanda kwanza, Jimny baadaye, na kushusha ni kinyume chake. Jimny ikikanyaga mkia wa tela bila kempa mbele, shingo inavuta juu kwa kama kilo 250 na matairi ya nyuma ya 79 yanapoteza mshiko, tena wakati huo ndiyo yanayozuia kila kitu kisiondoke. Hata hivyo weka jeki mbili za kusimamisha kwenye mkia, zishushwe kila mara. Ngazi za mita 2 kwa sakafu ya sentimita 60 zinakupa mwinuko wa nyuzi 17 hivi, Jimny haigusi tumbo.

Huna mizani ya shingo? Wauza viazi wanayo. Mizani ya jukwaa ya kilo 300 ya magunia inatosha kabisa: tela liwe tambarare, shingo juu ya kipande cha mbao katikati ya jukwaa, soma.

Mteremko_Mlefu

Nijibu la breki.

Breki za kusukumwa zinafanya kazi pale tela linaposukuma gari: kapulingi, yaani kichwa cha shingo kinachoshika boli, inarudi nyuma na kuvuta kebo. Kwenye barabara ya tambarare ni nzuri na hazihitaji waya wa umeme. Tatizo ni mteremko mrefu. Kitonga, au Mlima Nyoka na Inyala, unashuka kwa gia ndogo, injini inashikilia gari, na tela linasukuma muda wote. Kwa hiyo breki zake zinashika muda wote bila wewe kujua, dramu zinapata moto, na ukizihitaji kweli hazipo. Pia zinajifunga ukirudi nyuma kupanda kilima, isipokuwa habu ziwe za aina inayojiachia.

Kwa tela la tani 2.65 kwenye milima hii weka za umeme, magurudumu yote manne. Kila gurudumu lina sumaku inayobana breki, na kila sumaku inakula kama ampea 3, jumla 12, kwa hiyo waya kutoka kwenye betri hadi nyuma uwe milimita za mraba 6. Ukiweka wa taa za kawaida, umeme unafika dhaifu na breki zinakuwa za mapambo. Kidhibiti kiwe karibu na mkono, chenye kitufe cha kushika breki za tela peke yake. Tela likianza kutikisa mkia, achia mafuta na uguse kitufe hicho. Usikanyage breki ya gari, na usijaribu kufuatisha usukani.

Betri ndogo ya tela na swichi ya kukatika, ile inayoshika breki za tela likichomoka, ni lazima: waya wa swichi ufungwe kwenye fremu ya gari, usifungwe kwenye minyororo. Minyororo miwili ipishane chini ya shingo, ili kapulingi ikichomoka idakwe isichimbe lami.

1HZ haina turbo. Kwa mwinuko wa Mbeya, mita 1,700 hivi, imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kupanda utapanda polepole, kubali. Kushuka, chagua gia kabla ya kona ya kwanza.

Kabini_Mbili

Wakuu, mnamjengea ndugu yetu meli. Canter yenye bodi ya mita 4.3 inaibeba Jimny juu, na kempa anaivuta peke yake kwenye katela kepesi. Hakuna hesabu ya shingo hasi wala kusogeza vitu.

Mteremko_Mlefu

Kwa lami hadi Iringa nakuunga mkono. Ila Canter nyingi ni 24V. Akiunganisha taa na sumaku za 12V zinaungua siku hiyohiyo bila kipunguza umeme. Na Jimny ikiwa juu ya bodi unahitaji tuta la kupakulia kila kambi. Porini hulipati.

Boksi_la_Uyole

Asanteni sana. Ndaga. 79 inabaki. Mawili ya mwisho: kuifunga Jimny, na tangi la maji la kempa lenye lita 80 lililo mbele kabisa.

Jeki_ya_Nyuma

Funga ekseli au matairi, usifunge chasisi. Jimny ina springi za koili, ukiifunga chasisi kila shimo linaibonyeza na mkanda unalegea. Mikanda minne ya upana wa milimita 50, mmoja kila tairi, gia ya kwanza, hendibreki, na kabari mbele na nyuma. Simama baada ya kilometa 15 ukaze tena, halafu ushike habu kwa mkono. Ikichoma, beringi imekazwa mno au breki inashika.

Maji jaza ukifika. Hizo kilo 80 zikiwa mbele zinaongeza shingo kwa karibu 55, na nusu tangi linacheza kila ukishika breki.

Kitulo kupitia Chimala usipande na tela. Kona Hamsini na Saba kuelekea Matamba si za gari na tela lenye jumla ya mita karibu 13. Liache Chimala na kempa yake, mkia ukiwa juu ya jeki, upande na Jimny. Upepo nao uuangalie Makambako: kempa inafika mita 2.55 kutoka ardhini, punguza hadi 60.

Shingo_Kumi

Mizani ya barabarani: gari na tela ni zaidi ya tani 5, na kuanzia kilo 3,500 unaingia kupima. Makambako na Wenda usipitilize.

Habu za tela zitoboe kwa noti tano kwenye duara la milimita 150 kama za 79. Tairi la akiba moja linatosha kwa pande zote.

Boksi_la_Uyole

Na rimu za 79 zitapita kwenye dramu za breki za umeme za inchi 10?

Shingo_Kumi

Za inchi 16 zinapita bila shida. Pima nafasi ya bati la tairi juu yake tu, iachiwe sentimita 8 tela likiwa limejaa.