Mjadala: Je, Boris Karloff alikuwa mwigizaji hodari au alibebwa na sura ya kupakwa?

Kila anapokumbukwa Boris Karloff, aliyefariki nchini Uingereza tarehe 2 Februari 1969, wapenzi wa filamu za kutisha hugawanyika. Wapo wanaomweka mbele ya waigizaji wote wa filamu za aina hiyo, na wapo wanaosema kwamba sifa hizo anapewa bure: kwamba lile zimwi la filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931, lenye utosi bapa na vyuma viwili shingoni, lilikuwa kazi ya mikono ya Jack Pierce, mpambaji wa sura wa kampuni ya Universal, na kwamba mtu yeyote mwenye subira ya kukaa kitini akapakwa angalitisha vilevile. Hoja hii ya pili nimeisikia mara nyingi, na wanaoitoa huitumia pia kuamua ni filamu ipi iliyo bora, kwa maana wakishauondoa uigizaji hubaki wakipima wingi wa damu na ustadi wa vipodozi. Mimi naipinga. Nasema kwamba Karloff aliigiza, kwamba uigizaji wake unaonekana wazi kwa anayekubali kutazama, na kwamba filamu ya kutisha hupimwa kwanza kwa mtu aliyemo ndani yake.

Tuanze na mtu mwenyewe. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa William Henry Pratt, naye alizaliwa mwaka 1887 huko Camberwell, kusini mwa London, katika ukoo uliokuwa na damu ya Kihindi. Nyumbani walitarajia aingie katika utumishi wa serikali kama kaka zake. Yeye mwaka 1909 akapanda meli kwenda Kanada, akafanya kazi za shamba, akajiunga na vikundi vya maigizo vilivyozunguka mji hadi mji, na hatimaye akafika Hollywood, ambako alibeba mizigo na kuendesha lori huku akingoja kupewa sehemu ndogo ndogo. Kufikia mwaka 1931 alikwisha kuonekana katika filamu nyingi sana, sehemu kubwa zikiwa za enzi ya filamu bubu, bila watazamaji kulishika jina lake. Nayaeleza haya kwa sababu wanaosema alibebwa na vipodozi husahau kwamba mwongozaji James Whale alipomchagua, alimchagua mtu wa miaka 43 ambaye jukwaa na filamu bubu zilikuwa zimemfundisha kusema kwa mabega, kwa viganja na kwa mwendo. Studio haikulitambua hilo. Mwanzoni mwa filamu, mahali pa jina la anayeigiza zimwi paliwekwa alama ya kuuliza tu, na filamu ilipozinduliwa yeye hakualikwa.

Pierce naye simnyimi haki yake. Sura ile ilichukua muda wa saa nne hivi kila siku kupakwa, na ni miongoni mwa sura zinazotambulika zaidi duniani. Lakini hata hapo Karloff hakuwa mti wa kuchongwa: alikuwa na meno ya bandia upande mmoja, akayatoa ili shavu libonyee, na ule uso uliokondeana tunaousifu ukatokana na uamuzi wake.

Sasa tulitazame tukio la filamu hiyo ya mwaka 1931 ambalo kwangu linatosha kumaliza ubishi. Zimwi linaingia chumbani kinyumenyume, linageuka, na kamera inalisogelea usoni kwa mikato mitatu. Hadi hapo sifa nyingi ni za Pierce. Kisha Frankenstein, daktari aliyeliumba zimwi hilo, anafungua dirisha la darini, mwanga unashuka, na kiumbe ambacho hakijawahi kuona jua kinainua uso, kinasimama, kinanyoosha mikono juu kana kwamba mwanga ni kitu cha kushikwa. Dirisha linafungwa. Mikono inashuka polepole, na viganja vinabaki wazi mbele ya daktari, vikiomba kurudishiwa kilichoondolewa. Hakuna neno linalotamkwa na zimwi, wala muziki wa kumwelekeza mtazamaji ahisi nini. Kila tunachokielewa kuhusu kiumbe huyo, kwamba ni mchanga, kwamba ana kiu ya kitu asichokijua, kwamba ameumbwa na mtu asiyemtaka, tunakielewa kutokana na mikono ya Karloff.

Wanaonipinga wanaweza kusema kwamba hayo ni maoni yangu. Basi tuchukue jaribio ambalo historia yenyewe imetufanyia. Karloff aliigiza zimwi hilo katika filamu tatu, za mwaka 1931, 1935 na 1939, kisha akaliacha. Pierce aliendelea kuipaka sura ileile kwa watu wengine: Lon Chaney Jr. mwaka 1942, Bela Lugosi, nyota wa Dracula, mwaka 1943, na Glenn Strange mwaka 1944 na 1945. Utosi ni uleule, vyuma ni vilevile, mpambaji ni yuleyule, lakini ni nani kati yetu anayelikumbuka zimwi la Strange kwa jambo lolote zaidi ya kulala mezani likisubiri umeme? Kwa Lugosi inatupasa kuwa waadilifu, kwa sababu zimwi lake liliandikwa kuwa kipofu na lenye kuzungumza, na maneno yake pamoja na maelezo yote ya upofu wake yalikatwa kabla filamu haijatolewa, akabaki mtu anayetembea mikono mbele pasipo sababu inayoonekana. Mwendo ule wa kunyoosha mikono, ambao watoto huuiga wanapotaka kutishana, haukutoka kwa Karloff. Kama sura ndiyo iliyobeba kila kitu, kwa nini ilipohamia kwa wengine haikuwabeba?

Lipo pia, katika filamu ileile ya mwaka 1931, tukio la ziwani, ambalo naliona kuwa gumu zaidi kulitazama hata leo kuliko vichwa vinavyokatwa katika filamu za sasa. Msichana mdogo, Maria, halikimbii zimwi. Analishika mkono, analipa maua, nao wanayarusha majini na kuyaona yakielea. Maua yanapokwisha, zimwi linamrusha mtoto, likidhani naye ataelea. Wakaguzi wa filamu waliona jambo hilo haliwezi kuonyeshwa, wakaikata sehemu ya kurushwa, na kwa miongo kadhaa watazamaji waliiona mikono ikimwelekea mtoto, kisha baba akiibeba maiti barabarani, wakajijazia wenyewe jambo baya kuliko lile lililotendeka. Kipande hicho kiliporudishwa katika miaka ya 1980 ndipo wengi walipoona kinachofuata: zimwi linahangaika ukingoni, linayatazama maji, linaondoka likiyumba kama mtu aliyepotelewa. Aliyeyafanya hayo chini ya vipodozi vizito kiasi kile hawezi kuitwa gogo lililopakwa rangi.

Mashabiki wengi huitaja Bride of Frankenstein ya mwaka 1935 kuwa filamu bora ya kutisha ya zama hizo, nami sina ugomvi nao. Ni katika filamu hiyo zimwi linapokelewa na mzee kipofu anayepiga fidla msituni, linafundishwa kula mkate na kuwa na rafiki, na chozi linatiririka shavuni. Karloff alipinga zimwi kupewa maneno ya kusema. Aliamini kwamba litapoteza nguvu. Hapa sikubaliani naye, kwa sababu anapotamka neno rafiki kwa sauti ile nzito na ya kujifunza, huzuni inazidi. Lakini upinzani wake wenyewe unatuonyesha jinsi alivyoifikiria kazi yake. (Na pembeni kidogo niseme kwamba mwaka 1933 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha waigizaji wa filamu cha Marekani, jambo lililohitaji ujasiri wakati ambapo studio ziliweza kummaliza mwigizaji kwa saa za kazi zisizo na kikomo.)

Suala la tuzo ndilo linalonikera zaidi, na naomba nilikalie kidogo. Katika tuzo za Oscar zilizotolewa Novemba 1932, Frankenstein haikuteuliwa kwa lolote. Wala haikuwa kwamba wapiga kura walizikataa filamu za kutisha zote, maana usiku huohuo Fredric March aliipata tuzo ya mwigizaji bora, akigawana na Wallace Beery, kwa filamu ya Dr. Jekyll and Mr. Hyde, ambamo naye alipakwa akageuzwa kiumbe wa kuchukiza. Tofauti naiona hapa: March alionekana kwanza na uso wake mzuri, kisha na ule mbaya, hivyo kila mtu akaweza kuhesabu umbali aliousafiri. Karloff hakuonyesha uso wake hata kidogo, na kazi ambayo haina "kabla" na "baada" huwa vigumu kwa watu kuitambua. Dhuluma hii haikumgusa yeye peke yake. Pierce aliyepewa sifa zote na wapinzani wangu alifariki mwaka 1968, kabla tuzo ya vipodozi haijawa ya kudumu kuanzia filamu za mwaka 1981. Naye Lugosi hakuteuliwa kamwe, lakini mwaka 1995 Martin Landau alipewa Oscar kwa kumwigiza Lugosi katika filamu ya Ed Wood. Mtu ameheshimiwa kwa kumwiga yule ambaye mwenyewe hakuheshimiwa.

Kama bado yupo anayeamini kwamba Karloff bila vipodozi si kitu, namwomba aitazame The Body Snatcher ya mwaka 1945, iliyotayarishwa na Val Lewton na kuongozwa na Robert Wise kutokana na hadithi ya Robert Louis Stevenson. Hii ndiyo filamu ninayoipenda kuliko zote za kutisha, na najua wengi wataushangaa uchaguzi huu. Karloff ni John Gray, mwendesha gari la farasi wa Edinburgh katika miaka ya 1830, anayemletea daktari mwalimu maiti za kupasuliwa na wanafunzi. Sura ni yake mwenyewe. Mwanzoni anampakata mtoto mgonjwa na kumwonyesha farasi wake kwa upole ambao hauna unafiki ndani yake, na ni upole huohuo unaotutetemesha baadaye. Kuna binti ombaomba anayeimba barabarani usiku. Anapita chini ya tao na kupotea gizani, gari la Gray linamfuata taratibu, wimbo unaendelea kusikika, kisha unakatika katikati. Hatuoni kitu. Methali yetu inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini Gray anamjua Daktari MacFarlane, yule daktari mwalimu, tangu ujanani, na kujuana huko ndiko anakokutumia kummaliza, kidogo kidogo, kwa tabasamu na jina la utani, hadi yule daktari anamwona Gray hata baada ya kumuua.

Najua hoja zitakazoletwa. Wengine wataitaja The Exorcist ya mwaka 1973, iliyoteuliwa kwa Oscar mara kumi, na watasema hakuna iliyowahi kuwatikisa watazamaji kama hiyo. Naiheshimu, ila kinachonishika ndani yake ni uchovu wa yule padre aliyefiwa na mama yake, na hilo linarudi palepale pa hoja yangu. Wengine watataja Night of the Living Dead ya George Romero ya mwaka 1968, na hapo karibu nikubali kushindwa, kwa sababu Duane Jones, mwigizaji mweusi aliyeibeba filamu hiyo nzima, aliigiza kwa utulivu na akili mtu anayenusurika usiku kucha kisha akapigwa risasi asubuhi na wale waliokuja kuokoa. Ondoa maiti zinazotembea, ubaki na uso wa Jones peke yake, na bado ni filamu ya kutisha. Filamu ambazo sikubali kuziweka katika daraja hili ni zile ambazo ukimbadilisha mwigizaji mkuu hakuna kinachopungua, na za namna hiyo ni nyingi mno kuzitaja.

Karloff alikuwa na mchango mwingine katika mjadala huu, na aliutoa akiwa mzee mgonjwa mwenye shida ya kupumua na miguu isiyombeba vizuri. Katika Targets ya Peter Bogdanovich, ya mwaka 1968, anaigiza nyota mkongwe wa filamu za kutisha anayetaka kustaafu kwa sababu anaona mauaji yanayoripotiwa magazetini yamezidi chochote alichowahi kuigiza. Sambamba na hadithi yake yupo kijana wa kawaida, mwenye nyumba safi na familia yenye adabu, anayenunua bunduki na kuanza kuua watu asiowajua, hadi katika sinema ya wazi ya kutazamwa ukiwa ndani ya gari, kama ile iliyokuwapo Msasani, Dar es Salaam. Yule kijana hana sura ya kutisha hata kidogo. Anayeamini kwamba kitisho kiko katika vipodozi atueleze ni nini basi kinachotisha katika filamu hiyo.

Kwa wanaomtetea Lugosi dhidi ya Karloff, naomba wasiilete Dracula ya mwaka 1931 peke yake, kwa kuwa nusu yake ya pili inasinzia vyumbani na watu wakizungumza tu. Walete White Zombie ya mwaka 1932, na hasa walete Son of Frankenstein ya mwaka 1939, ambamo Lugosi akiwa Ygor, mtu aliyenyongwa shingo ikavunjika asife, anampokonya Karloff filamu nzima. Hiyo ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote, na sijaona akiitumia hata mmoja wao.