Rejeta puani, tumboni au chini ya mabawa: ipi inadai mkia mkubwa zaidi?

Mleta mada: Ndugu wanajukwaa, ninaunda modeli irukayo ya ndege ya kivita ya propela, ya aina iliyotumika katika Vita vya Pili vya Dunia. Nina michoro mitatu: rejeta (kifaa cha kupoza injini) chini ya pua kama Hawker Tempest V, chini ya tumbo nyuma ya rubani kama P-51 Mustang, na chini ya mabawa kama Spitfire. Mkia ni uleule katika yote mitatu. Je, niuache hivyo?

Mchangiaji wa kwanza: Usiuache, mkuu. Rejeta huleta mambo mawili, uzito na umbo, na mara nyingi hayo mawili hupingana. Ukiiweka puani, uzito wake husogeza kitovu cha uzito (mahali ambapo ndege ikiinuliwa hukaa sawa) mbele, na ndege hutulia katika kupanda na kushuka kwa pua. Lakini ubavu wa rejeta hiyohiyo, kwa kuwa uko mbele ya kitovu, husukumwa na upepo kila ndege inapokwenda upande, na pua huzidi kupotoka. Tumboni, nyuma ya kitovu, hali hugeuka: ubavu husaidia kidogo, uzito hudhuru. Chini ya mabawa, karibu na kitovu, athari zote mbili ni ndogo.

Mchangiaji wa pili: Nakubali, ila kwa maoni yangu propela huvuruga kuliko rejeta. Propela iliyo mbele hufanya kazi kama pezi (bapa la wima la mkia) lililowekwa mahali pasipofaa, na mapanga yakiongezeka, uvurugaji nao huongezeka. Spitfire XIV ilibaki na rejeta chini ya mabawa, lakini injini ya Griffon na propela ya mapanga matano viliilazimu kupewa pezi na usukani mkubwa zaidi. Mustang nayo, ilipopunguzwa mgongo katika toleo la D ili rubani aone nyuma, ilikuja kuongezewa pezi jembamba la mgongoni mbele ya mkia, ingawa rejeta yake ilikuwa tumboni tangu mwanzo.

Mchangiaji wa tatu: Tusitazame ukubwa wa pezi peke yake. Nguvu ya mkia ya kurudisha pua ni eneo lake mara umbali wake kutoka kwenye kitovu cha uzito, lakini uwezo wa kutuliza mtikisiko hukua kwa mraba wa umbali huo. Ndiyo maana naipenda sana Fw 190 D-9, ndege ya kivita ya Kijerumani: pua yake iliporefuka kwa injini ya Jumo 213 na rejeta ya duara, waunda ndege waliingiza kipande cha takriban sentimita 50 mbele ya mkia.

Mchangiaji wa kwanza: Kweli, ila kila gramu ya mkiani hurudisha kitovu nyuma. Marubani wa Mustang waliijua adha hiyo kupitia tangi la lita 320 hivi nyuma ya kiti: likijaa, ndege haikutulia hadi sehemu ya mafuta yake itumike.

Mleta mada: Nimeibeba modeli kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa. Rejeta ikiwa tumboni, mkia unalala. Nikiihamishia puani, inakaa sawa kabisa. Nitaiacha puani, na badala ya kupanua pezi nitarefusha kiwiliwili kwa sentimita tatu kwa mbao nyepesi ya balsa, kisha nipime kitovu upya kabla ya kuirusha.