Hadithi yangu imekwama kwenye daladala

Wakuu, naandika hadithi ya binti anayetoka Mbagala kwenda Kariakoo kuuza cherehani ya marehemu mama yake. Kurasa sita sasa, bado yuko kwenye daladala! Ameangalia dirishani, amekumbuka utoto, ameangalia tena. Nimeweka foleni, mvua, konda mkorofi, wapi. Haisogei.

Jibu: Gari linatembea, binti hatembei. Konda adai nauli ya cherehani, naye ana ya kichwa kimoja tu. Ashuke, aombe au agombane. Vyovyote vile, hawezi kurudi alipokuwa.

Jibu: Kagua na vitenzi, mkuu. "Alikuwa ameketi", "alikuwa akiwaza"... Bibi yangu akisimulia ilikuwa -ka- tupu: akainuka, akabeba, akatoka. Kila -ka- inaegemea tendo lililotangulia, ndiyo maana tulikuwa hatulali. Ila usiimwage kila mstari, itasomeka kama maelezo ya polisi.

Muulizaji: Nimefuta kurasa nne (roho imeuma). Ameshushwa Mtoni kwa Aziz Ally, cherehani kichwani. Utoto umebaki sentensi moja: anapoitua, anaona jina la mama limekwaruzwa kwenye chuma.

Jibu: Sasa mvua irudishe.