Mrejesho: begi la mwanafunzi, Tabora hadi ng'ambo

Wakuu, niliuliza begi gani la bei nafuu litafaa miaka 2 ya masomo nje, safari ikianza kwa treni hapa Tabora. Nimechukua la mtumba, la kitambaa, magurudumu 2 makubwa. Yale 4 madogo hukwama kwenye changarawe.

Kabla ya kulipa, lijaze ulivute. Gurudumu la skrubu hubadilishika, la ribiti (pini iliyogongwa, isiyofunguka) ni shida. Zipu nayo hufa mapema, hasa kwenye kona, kwa hiyo ifungue na kuifunga begi likiwa limejaa. Tupu lina kilo 3. Tiketi ya ndege ikiruhusu kilo 23, zinabaki 20. Urefu, upana na kina, jumla isizidi sentimita 158 kwa mashirika mengi ya ndege.

Asali? Kwenye viwanja vingi vya ndege, zaidi ya mililita 100 haiingii kabini, na baadhi ya nchi huizuia kabisa. Pawabenki ibebwe mkononi.